Siku Kompyuta Ilipokataa Kuiona Maiki Yetu

Dada yangu Dhahabo,

Tangu asubuhi siwezi kukaa kitako. Naandika mistari miwili, nainuka, naenda dirishani kutazama barabara, narudi. Juu huko mvua imenyesha wiki nzima na mto umeanza kubeba miti mizima. Hapa Garsen jua linawaka kana kwamba hakuna jambo, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Wewe unajua jinsi maji ya Tana yanavyokuja mahali ambapo hata tone la mvua halijaanguka.

Leo kompyuta ya studio ilikataa tena kuiona maiki. Nilipoona imezimika ile taa ya kisanduku cha sauti, kile kinachoiunganisha maiki na kompyuta, jina lililonitoka mdomoni lilikuwa lako.

Nimeikumbuka siku ile ya mafuriko. Ujumbe ulitufikia baada ya adhuhuri kupitia redio ya upepo ya polisi, kwamba maji yako njiani na vijiji vyote vya bondeni vihame kabla ya giza. Mtandao wa simu ulikuwa umekufa tangu jana yake. Ilibaki redio yetu, na sisi wawili: mimi Mpokomo wa Golbanti nisome kwa Kiswahili na Kipokomo, na wewe usome kwa Kiorma. Mama yako alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye nyumba za wafugaji karibu kabisa na maji, na ulikuwa umeniambia kwamba hazimi redio yake mpaka akusikie ukiaga.

Tukavaa vipokea sauti, nikafungua maiki, kimya. Kompyuta ikaandika kwamba haikitambui kifaa chochote.

Mimi nilifanya yale ninayoyafanya nikiwa na hofu, yaani kila kitu kwa pamoja. Nikachomoa waya na kuuchomeka, nikahamia tundu lingine, nikachukua waya wa printa nikajaribu huo, nikaizima kompyuta na kuiwasha. Kwa haraka yangu nikakiangusha kile kisanduku sakafuni. Meneja alisimama mlangoni akisema tumtafute fundi Malindi, akasahau kwamba hatuna simu wala barabara ya kufika huko.

Wewe ulikiokota kisanduku, ukakifuta vumbi kwa ncha ya shungi lako, ukasema, "Mdogo wangu, hebu kwanza tujue mgonjwa ni nani."

Ukachomeka flashi yako ya nyimbo. Kompyuta haikuiona nayo. Ukaniambia basi kisanduku hakina kosa, mgonjwa ni kompyuta yenyewe au kitu kinachoinyonya. Tukachomoa vyote: kibodi, mausi, printa, hata waya wa kuchajia simu. Tukaizima, tukaitoa kwenye umeme kabisa, tukangoja. Kungoja kule, dada! Nje tulisikia watu wakipakia magodoro kwenye tuktuk, na mimi nilitaka kutoka nikapige kelele barabarani kuliko kukaa pale. Ulinishika mkono. Mkono wako ulikuwa baridi, nikajua kwamba nawe unaogopa, ila umeamua kuogopa ukiwa umekaa.

Tulipoiwasha tukachomeka kisanduku peke yake, taa ikawaka. Tukarudisha kibodi, ikakubali. Tukarudisha mausi, vyote vikazimika kwa pamoja. Ukauvuta ule waya wa mausi nyuma ya meza, tukaona mahali panya walipoutafuna mpaka nyuzi za ndani zikagusana. Ukautupa nje kupitia dirishani, tukaanza upya na kuiendesha kompyuta kwa kibodi tupu.

Nilisoma mimi kwanza, kisha wewe. Kiorma nilikuwa nakisikia kidogo tu, lakini nilijua ulipofika mahali pa kutaja vijiji, maana ulivitaja vyote kwa sauti ileile, na cha mama yako hukukiongezea hata pumzi. Ulirudia na kurudia mpaka sauti ikakauka. Kesho yake mama yako alifika Garsen kwa boti, na mbuzi mmoja, na redio kiunoni. Ng'ombe wengi walikwenda na maji. Watu wa kijiji kile hakwenda hata mmoja. Ulimkumbatia, kisha ukakaa chini kwenye tope ukalia, na mimi nikakaa nawe.

Ndiyo maana nilipokuwa nawe hospitalini mwaka jana, figo zako zilipokataa, sikujua la kufanya na mikono yangu. Nilikuwa naigusa mirija na waya za zile mashine kama vile naweza kuchomoa kimoja kimoja nikajua kosa liko wapi. Muuguzi alinitoa nje kwa upole. Ulifariki mimi nikiwa kwenye korido.

Leo nimefuata njia yako. Nilichomeka flashi, ikaonekana, kwa hiyo kompyuta ni nzima. Waya nao ni mzima. Baadaye nikagundua kwamba kompyuta ilijisasisha yenyewe jana, na ile draiva inayoiwezesha kuzungumza na kisanduku imevurugika. Nikaifuta, nikawasha upya ili ikisome kisanduku kama kifaa kigeni. Taa ikawaka. Nilitazama kiti chako nikaondoa macho haraka.

Shida ni kwamba kijana aliyepokea kipindi chako yuko Hola, na barabara imekatika. Hapakuwa na mtu wa Kiorma. Basi onyo la mafuriko nimelisoma mimi, dada, kwa Kiorma chako ulichonifundisha tukinywa chai. Nimekisoma vibaya, maneno yakigongana, jasho likinitoka.

Nilipomaliza simu ya studio ikalia. Alikuwa mzee nisiyemjua. Aliniambia kwa Kiswahili cha taratibu kwamba nimesema maji yanalala badala ya yanakuja, akanitajia neno lenyewe, akanifanya nilirudie mpaka likakaa. Nikamwomba radhi.

"Usiombe radhi," akasema. "Tumekuelewa. Tunafungua zizi sasa hivi."

Akakata. Sikumuuliza jina, wala ni upande gani wa mto. Nimerudi hewani nimelisema neno kama alivyonielekeza, na kila nikimaliza nakwenda dirishani kuona kama kuna ng'ombe wanaopanda barabarani. Bado siwaoni. Vumbi naliona, ila huenda ni lori.

Nakuacha hapa, dada, Mungu akulaze mahali pakavu. Ni zamu yangu tena kusoma.

Ni mimi, mdogo wako wa studio.