Nilisema Pesa Tunazo, na Miti Ilikuwa ya Mke Wangu

Shangazi Gatakaa, pokea salamu kutoka Kianjai na unikalie karibu kidogo, maana mimi si mtu wa kulia na leo nimeshindwa.

Mimi ni fundi wa mbao, uliza yeyote kutoka Maua mpaka Embu, darasa la saba niliachia njiani lakini nimekunywa chai na maprofesa nikawauzia vitanda, nina pikapu yenye jina langu mlangoni, sasa kaunti ikatangaza tenda ya madawati ya chekechea, nikaomba, ikapewa kampuni ambayo hata msumeno haina, nikasema wee, mimi sichezewi hivyo, nikaenda kwa ile bodi ya rufaa za tenda huko Nairobi. Ada na wakili vikanizidi, ndipo mke wangu Kinya akasema, "Baba Kanana, chukua miti yangu," ni miraa ambayo marehemu mama yake aliipanda kwa mkono wake akamwachia, tukaikodisha kwa mfanyabiashara Bundi kwa miaka mitatu, akalipa pesa zote mara moja.

Siku ya kusikizwa, wakili wangu Adrian akaomba kaunti ikishindwa iturudishie gharama, mwenyekiti akaniuliza kama nina la kuongeza, na mimi nikiona chumba kimejaa suti siwezi kunyamaza, nikasimama nikasema, "Mheshimiwa, nimetoka Meru kutafuta haki, gharama wakae nazo, pesa tunazo!" Watu wakacheka, hata mawakili wa kaunti, Adrian peke yake akainama kama mtu aliye matangani. Uamuzi ukatoka, nimeshinda, kaunti ipime maombi upya, na kila upande ubebe gharama zake.

Hiyo ilikuwa Mei. Nilirudi nikamwambia Kinya kaunti italipa kila kitu na miti itarudi kabla ya Krismasi, akaimba akipika. Sasa kila asubuhi anasimama kwa ua akiangalia wachumaji wa Bundi, juzi nikamsikia akisema, "Polepole na huo, huo ni wa mama," mmoja akamjibu kutoka juu, "Mama, miti si yako mpaka miaka iishe," naye akanigeukia akasema, "Waache tu, kaunti ikilipa watashuka." Shangazi, niliingia karakana nikawasha mashine ya randa bila mbao, asinisikie.

Nitapata wapi wakili wa kufufua hizo gharama kabla hajajua?

Fundi Mashuhuri, Kianjai

JIBU

Fundi, jina lako uliloandika kwa herufi kubwa nimelitoa, la mkeo nimelibadilisha. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye ua, hapo nikaacha.

Pole. Ulipigana vita vya kweli na ukashinda, wengi huogopa hata kuanza. Lakini uligawa mali isiyo yako ili wenye suti wacheke. "Tunazo" nani? Ilikuwa jasho la mama mkwe wako.

Usitafute wakili mwingine, utakodisha na shamba. Uamuzi wa Bodi hupingwa Mahakama Kuu ndani ya siku kumi na nne, na zako zimepita zamani. Hata zisingepita, ungemwambia nini jaji, wewe uliyezikataa kwa mdomo wako? Wanaopewa gharama nao husumbuka: wakili aorodheshe, zikadiriwe, cheti kitolewe, kisha kaunti ifuatwe mpaka ichoke kujificha. Wewe hata mlango huo uliufunga mwenyewe.

Kilichobaki ni hiki. Mwambie Adrian aiandikie kaunti kuuliza upimaji mpya umefika wapi. Ushindi usiofuatiliwa huozea kabatini. Uza pikapu. Ndiyo, na jina lako mlangoni. Madawati yatabebwa na gari la kukodi. Peleka pesa hizo kwa Bundi umwombe aachilie miti anayoweza, aanze na ule wa mama.

Lakini kabla ya Bundi, Kinya. Anangoja malipo ambayo hayaji, na kila asubuhi unamwacha angoje. Kesho simama naye pale kwa ua, wachumaji wakiwa juu, umwambie ulichosema Nairobi. Usitie kichekesho, usimtaje Adrian. Mwambie maneno yale yale, kwa sauti ile ile: pesa tunazo. Kisha nyamaza, na usiende kuwasha mashine.