Siku niliyompeleka Baba kuona bahari

Jumapili, Kimandolu. Baridi ya Julai, manyunyu tangu alfajiri. Mlima Meru sijauona leo, na sijautafuta.

Kanisani sikwenda. Nimekaa jikoni na sweta mbili, chai imepoa mara ya pili. Jana tulirudi kutoka Unguja, mimi na Baba, na tangu nimfikishe kwake sijaongea na mtu.

Niandike kabla sijaanza kujidanganya kwamba sikusikia vizuri.

Safari ilikuwa wazo langu. Baba ana miaka themanini na mbili, amelima kahawa na ndizi huko juu ya Maji ya Chai maisha yake yote, na bahari alikuwa anaiona kwenye kalenda. Watoto wake tuko wawili: mimi, na Eliakunda, mdogo wangu wa kiume, anayeishi naye pale nyumbani. Mimi nauza vifaa vya ujenzi. Duka nilianza peke yangu ndoa ilipovunjika, sina mtoto, na hakuna aliyenishika mkono. Nikapanga: nimzungushe Baba kisiwani siku nzima, ale vizuri, acheke. Halafu nimwombe.

Ndiyo, nilikuwa na langu. Sifichi.

Ijumaa asubuhi tulitoka Unguja mjini na dereva, kijana anaitwa Khamis, aliyemwamkia Baba shikamoo mara tatu kabla hajawasha gari. Barabara ya kusini ni nzuri kuliko picha zake. Minazi, kisha msitu mzito wenye kima wekundu wanaovuka bila haraka kama wenye nyumba, kisha ghafla mawe matupu, na mihogo imeota humo humo kwenye mawe. Baba alikaa mbele na kofia yake ya Jumapili. Kima hakuwatazama. Alitazama mihogo.

"Hawa wanalimia nini, patasi?"

Khamis alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Bahari ilipotokea Baba akavua kofia. Maji yalikuwa yamekupwa, na mbali huko wanawake wameinama, wanafunga vitu kwenye kamba.

"Wale wanafanya nini?"

"Wanalima mwani, babu. Kila mmoja na shamba lake. Vile vijiti ndiyo mipaka."

"Mashamba ya waume zao?"

"Ya wenyewe wanawake, babu! Mwanaume ukiingia humo utatolewa kwa maneno."

Baba akacheka kweli. Akasema ni jambo jema mwanamke kuwa na chake. Nilisikia kwa masikio yangu mawili, nimekaa nyuma yake. Nikajiambia, ni leo.

Tulikula Jambiani, uani kwa mama mmoja anayepikia wageni. Wali wa nazi, changu wa kuchoma, pweza wa nazi. Baba alimgeuza pweza kwa kijiko kama mtu anayekagua mzigo.

"Huyu ana miguu mingapi?"

"Minane, baba yangu," yule mama akajibu.

"Na mifupa?"

"Hana hata mmoja."

"Miguu minane bila mfupa. Angekuwa Mmeru huyu, jembe lingemshinda, angekufa kwa njaa."

Yule mama alipiga makofi. "Wee kula tu, baba! Ukirudi bara utatafuta mke mwingine!" Baba akala, akaongezewa. Sijamwona na furaha hiyo tangu tumzike Mama.

Khamis alipokwenda kuswali, nikasema.

Kwetu tunazika nyumbani, ndani ya migomba. Kaburi la Mama nililijengea mimi, vigae nilipanga na fundi nikiwa nimesimama pale pale, kwa hiyo nafasi naijua. Kulia kwake ni pa Baba. Kushoto pamebaki futi nne mpaka kwenye mgomba wa kwanza. Nikamwambia Baba siku yangu ikifika, naomba niwekwe hapo kushoto kwa Mama.

Baba hakukasirika. Ingekuwa nafuu angekasirika. Alitoa mwiba wa samaki mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Shamba nimeshampa mdogo wako. Wazee wa ukoo walikuwepo, mipaka ameoneshwa."

"Sitaki shamba, Baba. Nataka futi tatu."

"Binti anazikwa kwa mumewe."

"Sina mume. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyonimaliza. "Una nyumba yako nzuri mjini, Anaeli. Nikikuweka kule, wajukuu wa Eliakunda watakuja kuuliza, huyu ni nani?"

Huyu ni nani.

Binti mkubwa wa Eliakunda amekaa kwangu miaka minne ya sekondari. Nywele nilimsuka mimi. Hata malaria yake ya kwanza ya mjini nililala naye wodini mimi.

Khamis aliporudi akaniuliza kama pweza nimempenda. Nikasema mtamu sana.

Wakati wa kurudi Baba alisimamisha gari, akaomba vipande vya miti ya mihogo vya kupanda kwa mtu aliyekuwa analima kando ya barabara. "Ikiota kwenye mawe, kwetu itafanyaje? Nampelekea Eliakunda." Akanipa nivishike. Nilivishika mapajani mpaka mjini, jua linazama upande wangu, na sikuona chochote.

Jana nyumbani alikuwa anawahadithia majirani, mikono juu: "Anaeli amenionesha dunia!" Eliakunda akanikumbatia, "Dada, yaani umemrudisha Baba ujana." Anamaanisha. Hajui nilichoomba, na hajawahi kunikosea. Nimetafuta pa kumchukia, sijapaona.

Kwenye migomba sikushuka.

Nimepiga hesabu zangu zote leo, na nyingine hazitoki. Hiki kiwanja cha Kimandolu ni nyumba, tangi na shimo la choo. Na hata pangebaki nafasi, mjini hawaruhusu mtu kuzikwa uani. Yatabaki makaburi ya jiji, katikati ya watu nisiowajua. Wa kuja kupalilia ni nani?

Kesho nitafungua duka, nitahesabu nondo, nitataniana na mafundi. Hilo naliweza. Lisilo na jibu ni hili: siku hiyo gari litakapotoka na mimi hospitali, dereva akageuka akauliza tunampeleka wapi, nani atafungua mdomo?