Vidonge vya Mifupa Vimeniaibisha Kikaoni

Kaka, nimejifungia ofisini. Sitoki hadi wafanyakazi wote waende makwao.

Ni vile vidonge vya kalsiamu na vitamini D nilivyoandikiwa baada ya kuvunjika mkono. Tangu nivianze, choo kigumu, tumbo limejaa gesi kama mpira.

Leo kikaoni nilikuwa nawaambia wafanyakazi kwamba mtu mwenye nidhamu huutawala mwili wake. Ndivyo nilivyosema, kaka. Huutawala mwili wake. Papo hapo gesi ikanitoka, kwa sauti iliyofika safu ya nyuma.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Karani wangu akafungua dirisha taratibu, akasema, "Joto limezidi leo, mzee." Nikatoka, nikaja kujifungia humu.

Nikampigia mfamasia nikiwa nimefura. Akauliza navimezaje. Nikamjibu: vyote viwili alfajiri, tumbo tupu, bila maji, kama tulivyokuwa tukimeza dawa shuleni, bwenini, mbele ya matroni.

Akasema, "Baba, kimoja baada ya kifungua kinywa, kingine baada ya chakula cha jioni, na maji ya kutosha. Nani alikuambia ni adhabu?"

Nikasema naviacha. Akasema nisithubutu kabla ya kumwona daktari.

Sasa karani anabisha mlango. Anasema wote bado wamekaa ukumbini wananingoja, kwa kuwa ni mimi niliyepiga marufuku mtu kuondoka kabla sijafunga kikao.