Mtunza Muda

Mwantumu, nimetoka shuleni kwa Munira sasa hivi na hasira zangu.

Mwalimu kawagawa makundi mbele yetu wazazi. Kundi la Munira: Loveness mwenyekiti, mwanangu mtunza muda. Swali: kwa nini namba witiri mbili, kama saba na tano, zikijumlishwa jibu haliwi witiri?

Munira akapanga maharage mawili mawili. “Kila witiri inabakiza harage moja. Hayo mawili yaliyobaki yanakuwa jozi.”

Mwalimu: “Wewe si mtunza muda? Mwache mwenyekiti aseme!”

Mtunza muda!

Loveness akarudia yale yale, neno kwa neno. Mwalimu: “Mpigieni makofi ya kilo!”

Munira akanitazama, kisha akatazama saa. “Muda umeisha, mwalimu.”

Na makofi yale nilipiga na mimi, mama yake. Astaghfirullah.