Kila Kidonge na Zamu Yake

Dada mpenzi,

Salamu zangu zikukute umekaa, miguu umeinyoosha, maana nakujua wewe kwa kuhangaika. Goti linaendeleaje? Shemeji yako hajambo, bado anashona makoti ya watu huku lake lina kifungo kimoja. Mimi mzima, na tumbo sasa linanitangulia mlangoni.

Ulilalamika kwamba nimekuwa kimya. Ni kweli, dada, nilikuwa na hofu. Kipimo cha mwezi wa tano wa mimba kilionyesha virusi vimepanda, mimi ambaye miaka yote vilikuwa havionekani! Nesi akaniuliza kwa upole kama naruka dawa. Nililia palepale kwenye benchi. Shemeji yako akamwambia huyu hata akinuna akagoma kula, dawa haachi.

Daktari akaeleza kwamba virusi vikipata mwanya huizoea dawa, na huenda vimeshakuwa sugu. Damu yangu ikapelekwa maabara kubwa waangalie ni dawa gani bado inavibana. Kusubiri majibu, we acha tu. Nilimwaza mtoto peke yake, nisije nikamwambukiza.

Kisha mfamasia, mama mmoja mcheshi, akasema nisimweleze ninavyomeza, nimwonyeshe. Nikatoa vidonge kwenye mkoba, nikavikusanya kiganjani kama kila asubuhi kabla ya chai, cha virusi pamoja na vile vya madini ya chuma, nikataka kuvitupia mdomoni. Akanishika mkono. Akasema madini, tumbo likiwa tupu, huikamata ile dawa isiingie vizuri mwilini.

Dada, ni vile vidonge unavyonitumia wewe. Shemeji yako alitaka tukufiche, nikakataa, usije ukasikia kwa mtu mwingine. Tafadhali usilie. Hukujua, na mimi sikuwatajia kliniki kwa sababu niliviona ni zawadi, si dawa.

Majibu yametoka. Virusi vimezoea dawa moja, lakini nyingine mbili zilizomo kwenye kidonge changu bado zinavibana. Na kwenye kipimo cha juzi, baada ya kutenganisha saa za kumeza, havionekani tena. Havionekani, dada! Nesi mwenyewe alipiga kigelegele.

Kwa hiyo usiache kutuma, nitakununia. Dawa nameza alfajiri, vyako mchana nikishashiba. Ila safari hii vilete mwenyewe, maana kuna mtu huku anahitaji mama mkubwa wa kumdekeza.

Wasalimie wote, hata yule jirani yako mdaku.

Ni mimi mdogo wako, pamoja na huyu anayepiga teke kila nikikutaja.