Kuku Aliyechimba Dhahabu

Katoro, Geita
15 Juni 2025

Mpendwa wifi yangu Ritha, Mama Cornel,

Shikamoo. Kabla ya yote nataka kujua hali yako. Redioni wanasema baridi ya Njombe mwaka huu haina huruma, nami kila nikisikia hivyo nakuona umejitanda kitenge juu ya sweta, unasahihisha madaftari ya watoto wa watu. Kile kikohozi kimekuacha? Shemeji Bartholomeo hajambo? Na Cornel, chuo kinaendaje?

Sisi huku ni wazima. Safari hii nikisema wazima uniamini, maana tangu Novemba nimekuwa nikikuambia hivyo kwenye simu huku moyo unakataa.

Habari ya kwanza ni ya mguu. Vyuma alivyofungwa mdogo wako Boaz vimetolewa Jumatano iliyopita. Daktari aliitazama picha, akaigeuza, akaitazama tena, mimi nimeshika pochi yangu kwa mikono miwili kama mtu anayeibiwa. Halafu akasema mfupa umeshika. Yale maneno ya kukata mguu yamekwisha, wifi. Bado anatembelea magongo, na atachechemea, lakini mguu ni wake. Tulipotoka nje nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikashindwa kuinuka kwa muda, yeye ndiye akawa ananisubiri mimi.

Mpunga nao haukuwa mbaya. Nimekuwekea mchele wa kutosha, nikipata mtu wa kuaminika anayekuja pande hizo nitampa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikalie kiti. Ninayokuandikia hapa Boaz ameniruhusu. Miaka kumi na miwili ya ndoa nimeyafunga mdomoni kwa sababu aliniapisha, na wewe ndiye hasa aliyetaka usijue.

Mdogo wako alikuwa hajui kusoma.

Jina lake alijua kuliandika, na hesabu ananishinda mimi. Zaidi ya hapo, hakuna. Barua zako zote tangu nije kwenye ukoo huu nilimsomea mimi. Ukimtumia ujumbe kwenye simu hakukujibu kwa maandishi, alikupigia, akasema vidole vyake vimekuwa vinene kwa kushika sururu. Ulicheka. Alitaka ucheke ili usiulize zaidi.

Unakumbuka kuliko mimi jinsi baba yenu alivyoanza kuugua, ng'ombe wakakosa wa kuwafuata. Boaz akatolewa darasa la pili, wewe ukaachwa uendelee. Nilidhani ana kinyongo juu ya hilo, nikamuuliza mwaka ule wa kwanza nilipogundua. Akasema hana. Alichokiogopa ni kimoja tu: kwamba dada yake ni mwalimu, anafundisha watoto wa watu kusoma, na siku moja atajua kuwa wa tumbo moja naye hajui. Kwa hiyo tulinyamaza.

Ndipo Desemba lilipokuja lile boksi lako la vitabu vya watoto.

Hukuwa na nia mbaya, wala usijilaumu. Miaka ya nyuma mtoto akileta daftari, Boaz alikuwa na duara lake la dhahabu la kukimbilia. Angesema amechelewa, wenzake wanamsubiri shimoni. Safari hii duara lilikuwa limeshamwangukia, amelala barazani na vyuma mguuni, na Mbuke yuko likizo. Hapakuwa na pa kukimbilia.

Mbuke alichambua boksi zima, akachagua kile chenye kuku mwekundu kwenye jalada. Akapanda mkekani. "Baba, nisomee." Mimi nilikuwa jikoni, mwiko ukasimama mkononi. Nikamsikia Boaz anafungua kitabu, anakohoa, anaanza.

Wifi, ile hadithi! Kuku alikuwa akichakura nyuma ya nyumba mpaka akafika kwenye mwamba, na kwenye mwamba kulikuwa na dhahabu. Akaja nguchiro, mnunuzi, na mizani yake ya uongo. Kuku akamwona. Akafunga mchanga kwenye kitambaa, akampa nguchiro mchanga na dhahabu akaikalia kama yai. Mbuke alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kesho yake akataka tena, na keshokutwa tena. Kila saa kumi jioni, akitoka kucheza, ni "Baba, kuku." Kufikia Februari kuku alikuwa na maduara matatu na bata msaidizi anayechota maji. Boaz aliangalia picha, akageuza kurasa kwa wakati wake, na sauti yake ilikuwa imerudi. Mgonjwa niliyemtoa hospitali alikuwa haongei. Nilijua ni uongo, lakini niliuacha uendelee kwa kuwa ulikuwa unamponya.

Lakini Mbuke yuko darasa la pili, na mwalimu wake, Kalisti, ni mtu wa kazi. Herufi zikaanza kumfungukia mtoto. Alisoma mifuko ya saruji, alisoma makopo ya mafuta, alisoma khanga yangu mgongoni nikiwa natembea. Siku moja mwishoni mwa Februari, napepeta mchele mlangoni, akaweka kidole kwenye ukurasa na kukiburuza taratibu. Kisha akasema:

"Baba, hapa wameandika kuku anatafuta kifaranga chake. Dhahabu iko wapi?"

Boaz akasema labda iko ukurasa mwingine. Mtoto akafunua. "Huku pia haipo."

"Nenda ukacheze, mayu," akamwambia. Unajua anavyomwita mayu, mama, kwa kuwa amebeba jina la mama yenu.

Kesho yake nilirudi kutoka sokoni, boksi halipo. Alimwomba Ndaki, mwenzake wa duarani aliyekuja kumjulia hali, alipandishe darini, mahali ambapo mimi sifiki bila ngazi. Akamwambia Mbuke vitabu vinaharibu macho. Nilimsubiri mtoto atoke, nikamfuata Boaz chumbani. Tuligombana, sitakuficha. Nilimwambia anamwonea mtoto. Akanijibu, "Unataka nivuliwe nguo mbele ya mwanangu? Kwa wote nimeweza kujificha. Huyu mmoja ndiye nishindwe kujificha kwake?"

Mwezi mzima wa Machi nyumba yetu ilipoa. Mbuke hakuomba kitabu tena. Makopo aliyapita, mifuko ya saruji aliipita. Nilidhani amesahau, watoto husahau. Kumbe!

Siku moja baada ya masomo Mwalimu Kalisti akaja mwenyewe nyumbani. Nikamtolea kiti, hakukaa. "Mama Mbuke," akasema, "mtoto huyu Januari alikuwa ananisomea ubaoni kabla sijamaliza kuandika. Sasa nikimwita anasema hajui. Nimemwangalia wiki mbili. Anajua, ila hataki. Kuna nini hapa nyumbani?"

Nikamwita Mbuke, nikapiga magoti mbele yake, nikamuuliza. Akazungusha kifungo cha sare yake mpaka nikaogopa kitakatika. Halafu akasema kwa sauti ndogo:

"Nikisoma Baba anahuzunika. Nataka nisahau kusoma, ili anisomee kuku tena."

Boaz alikuwa nyuma ya pazia la mlango. Nilisikia gongo limeanguka. Kisha pazia likasogea akatoka, amekamata fremu ya mlango kwa mkono mmoja, jasho linamtoka usoni.

"Mwalimu, kaa," akasema. "Na wewe usikie, maana sidhani nitaweza kulisema mara mbili." Akamgeukia mtoto. "Mayu, baba yako hajui kusoma. Kile kitabu sikukisoma hata siku moja. Nilikuwa naangalia picha, nakudanganya."

Niliinamisha uso. Nilisubiri mtoto alie, au acheke, sijui lipi lingekuwa baya zaidi.

Mbuke akafikiri. "Kwa hiyo yule kuku wa dhahabu hayumo kwenye kitabu?"

"Hayumo."

"Kitabu chochote?"

"Chochote."

"Ulimtoa kichwani?"

"Kichwani."

"Hata nguchiro?"

"Hata nguchiro, mayu."

Mtoto akageuka, macho yamemtoka, akamwambia mwalimu wake kama anayetangaza ushindi: "Mwalimu! Baba yangu ana hadithi ambayo haimo kwenye kitabu chochote!"

Wifi, Boaz hakulia walipomvuta kutoka kwenye kifusi. Hakulia walipomtoboa mfupa. Siku ile alilia, mbele ya mgeni, na hakujifuta. Mwalimu Kalisti aliangalia pembeni kuelekea kwenye mbuzi wa jirani, akawaangalia muda mrefu sana. Halafu akafungua mkoba, akatoa daftari jipya, akamkabidhi Mbuke. "Kama haimo kwenye kitabu," akasema, "iandike wewe."

Ndivyo ilivyokuwa. Tangu siku ile baba alisimulia na mtoto akaandika. "Polepole, Baba, mkono wangu haujui kukimbia." Alichora na picha, nguchiro amevaa miwani, bata ana ndoo. Wakamaliza Jumamosi kabla ya Pasaka. Sikukuu yenyewe, baada ya kutoka kanisani, Mbuke akamwekea baba yake daftari mapajani, akasema, "Sasa zamu yako."

Nilitaka kumkataza. Boaz akaniashiria niache. Alianza na neno kuku, kwa kuwa alijua lazima liwe la kwanza. Akaliona tena mstari wa pili, akaliona na mstari wa nne, kila akilikuta analigonga kwa kidole kama aliyekutana na ndugu yake stendi. Unaona, maneno yalikuwa yake. Alijua yanakokwenda, kilichobaki ni kuyatambua sura zake. Ukurasa wa kwanza ulimchukua mchana mzima na chai ikapoa. Tangu hapo Mwalimu Kalisti anakuja mara mbili kwa wiki kumwelekeza, na siku nyingine Mbuke ndiye mwalimu, tena mkali kuliko mwenzake.

Boksi limeshushwa. Mwezi uliopita alikisoma kitabu chako, kile cha kuku na kifaranga, mpaka mwisho, akasema, "Kumbe hadithi hii nayo ni nzuri." Mbuke akamjibu, "Nzuri, ila haina dhahabu." Jumamosi mchana watoto wa majirani wanajaa barazani, wananyang'anyana vitabu, wanavisoma kwa sauti kila mmoja chake mpaka nasikia kichwa kinauma, na sitaki waondoke. Ndaki naye huja, anasema amekuja kumwangalia mgonjwa. Mgonjwa anatembea sasa, lakini Ndaki haachi kuja, na akiketi huketi pale anapoweza kuona ukurasa. Sijamuuliza kitu.

Hospitali Jumatano ile Boaz alipewa kadi ya kurudi. Nilinyoosha mkono kuipokea kama nilivyozoea. Hakunipa. Akaishika mwenyewe, midomo ikicheza, akasema, "Alhamisi. Tarehe kumi, mwezi wa saba." Ilikuwa sawasawa.

Nakuomba mambo mawili. Ukimpigia usimgeuzie ualimu. Usimpe mtihani, usimwambie mbona hukusema. Zungumza naye kama siku zote. Na usikae huko ukilia kuwa ulisoma yeye akachunga. Hayo alikwisha kuyamaliza zamani, wewe ndiye hukujua kama yapo. La pili, ukipata vitabu vingine, Mbuke anaomba cha ndege wa ziwani, na Boaz angependa chenye maandishi makubwa, ila anaona aibu kuomba. Nimemwombea mimi.

Utaniuliza kwa nini sikupiga simu. Nilitaka kupiga. Ni yeye aliyesema hapana, habari zake ziandikwe, naye azisome zote kabla hazijaingia kwenye bahasha, aone nimemsema vipi. Amesoma siku mbili. Pale nilipoandika kuwa alilia aliweka kidole, nikamuuliza nipafute, akasema, "Acha. Ni kweli."

Tusalimie Shemeji Bartholomeo na Cornel, na yule jirani yako Zamoyoni aliyekusaidia kufunga boksi. Mwambie kamba yake ilifika imekaza vilevile. Mungu aliyemfikia ndugu yako chini ya kifusi akufikie na wewe huko mlimani, akupe joto, afya na miaka mingi ya kufundisha. Wabeja sana kwa vitabu.

Ni mimi wifi yako, nikupendaye kama dada wa kuzaliwa,
Mariana, Mama Mbuke

Maneno haya ya chini ni mkono wake. Herufi zilizokosewa nimeziona, sikuzigusa.

Dada Litha shikamoo. Ni mimi Boazi. Ulipo endelea na shule mimi nilifulahi kweli kweli. Sasa na mimi nasoma.