Bipu za Avva

Bengaluru, Jumapili

Dada Sumangala,

Natumai uvimbe wa miguu umepungua na wanao wamefungua shule. Mimi nipo. 

Kazi yangu unaijua: kampuni hutupa programu mpya za simu kabla hazijatoka, tuishi nazo, tuseme zinavyokwenda. Hii ya mwisho ilikuwa inachemsha simu na kamera inagandaganda, ila betri ilidumu hadi jioni. Tumeagizwa tuzijaribu kwenye simu ya pembeni. Mimi, kwa kiherehere changu, niliiweka kwenye simu yangu mwenyewe.

Pale kwenye maziko ya mama nilikwambia simu zake hazikunifikia kwa kuwa mtandao wa kijijini ulikatika. Nilikudanganya, dada.

Unakumbuka Avva, mama yetu, alivyokuwa akitubipu: mara moja, yeye ni mzima; mara tatu, njoo. Programu ile huficha simu zinazolia kidogo na kukatika, eti ni usumbufu. Siku nne sikuona bipu ya Avva, wala sikushtuka. Nilikuwa naandika habari za betri. Jana ndipo nilipofungua orodha ya zilizofichwa. Siku aliyoanguka alibipu mara kumi na tisa.

Jirani yake Gangavva anasema alitaka kutafuta gari la hospitali, Avva akamkatalia: "Wee, tulia! Gurunath kashaiona bipu yangu. Yuko njiani huyo."

Siku hiyohiyo, kwenye ripoti yangu, niliandika: "Simu imetulia sana. Naipenda."

Mdogo wako,
Gurunath